UZI: Castro, San Francisco, mtaa uliowauguza watu wake wakati wa UKIMWI

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni muuguzi, niko kliniki ya CTC. Kila siku naonana na watu wanaoishi na VVU. Wanakuja, wanachukua dawa, wanarudi shambani au dukani. Wauguzi vijana ninaofanya nao kazi hawajawahi kuona mtu akiisha kitandani kwa UKIMWI jinsi ilivyokuwa zamani, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini historia ya kuuguza ugonjwa huu naiona inapotea, na mimi naipenda. Leo naleta kisa cha mtaa mmoja wa mbali ambako ugonjwa uliingia kabla haujapewa jina, serikali ya nchi ikakaa kimya, na majirani wakajifunza wenyewe kuuguza.

Mtaa unaitwa Castro, uko San Francisco, California. Tuelewane mapema: wakazi wake wengi walikuwa wanaume wapenzi wa jinsia moja. Najua humu jambo hilo linachemsha damu za watu. Anayetaka mjadala wa dini na sheria, nyuzi zake zipo nyingi. Hapa tunazungumza habari za wagonjwa na waliowauguza.

Mpaka miaka ya 1960 eneo lile, likijulikana zaidi kama Eureka Valley, lilikuwa la wafanyakazi, wengi wao Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Familia zikaanza kuhamia pembezoni mwa mji, nyumba zao za mbao zikabaki na bei ikashuka. Wakaja wanaume waliofukuzwa makwao, na wengine waliochoka kujificha katika miji midogo. Wakapanga, wakanunua, wakakarabati. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa na maduka yao, baa zao, magazeti yao. Baa ya Twin Peaks, kona ya Castro na Market, ilikuwa na madirisha makubwa ya vioo tangu 1972, aliyekaa ndani anaonekana na kila anayepita. Kwa watu waliozoea kunywa gizani wakiogopa polisi, hilo halikuwa jambo dogo. Harvey Milk, mmoja wao, alifungua duka la kamera hapo 1973, Novemba 1977 akachaguliwa kuingia baraza la mji, na tarehe 27 Novemba 1978 akauawa kwa risasi ndani ya jengo la baraza pamoja na meya George Moscone.

Habari za Milk nazitaja kwa sababu ndipo mtaa ulipojifunza kujipanga. Walijua kuandikisha wapiga kura, kuchangishana, kuandamana usiku na mishumaa. Maradhi yalipoingia yaliwakuta na mazoea hayo tayari.

Tarehe 5 Juni 1981 jarida la wiki la kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani lilitoa taarifa fupi: wanaume watano wa Los Angeles wameshikwa na nimonia ya Pneumocystis, ile inayompata mtu ambaye kinga yake imeporomoka. Mwezi uliofuata wakatajwa wanaume 26 wa New York na California wenye saratani ya Kaposi, ile ya mabaka ya zambarau kwenye ngozi. Kabla ya hapo Wamarekani waliijua kama saratani ya wazee wachache.

Pale Castro alikuwepo muuguzi, Bobbi Campbell. Oktoba 1981 akaambiwa ana Kaposi. Mabaka yalikuwa kwenye nyayo zake. Alipata picha za mabaka yale, akazibandika kwenye dirisha la duka la dawa, Star Pharmacy, kona ya Castro na mtaa wa 18, ili wapita njia wazione, na wenye alama kama hizo wakimbilie kwa daktari. Wakuu, hapakuwa na wizara iliyomtuma wala mfadhili aliyemlipa. Ni mgonjwa aliyeamua kuwaonyesha majirani mwili wake. Mimi nina wateja wanaopanda basi kuvuka wilaya mbili kufuata dawa, wasije wakaonekana na jirani. Siwalaumu hata kidogo, nawaelewa vizuri sana. Ndiyo maana najua ukubwa wa alichokifanya Campbell.

Mwaka 1982, yeye na wenzake wa Sisters of Perpetual Indulgence, kikundi cha wanaume waliovaa kama masista, walitoa kijitabu cha kufundishana namna ya kujikinga, na wakati huo virusi vyenyewe bado havijagunduliwa. Agosti 1983 akatokea kwenye jalada la Newsweek akiwa na mwenzi wake. Alifariki tarehe 15 Agosti 1984, akiwa na miaka 32.

Naendelea jioni.

#2 Mchangiaji

Tiririka mkuu, nimeweka kambi. Swali moja: watu walijua lini unaambukizwa vipi? Na kwa nini hawakuacha mapema?

#3 Mleta uzi

Swali zuri, mkuu. Mwaka 1981 na 1982 hakuna aliyejua kwa hakika. Virusi viligunduliwa Ufaransa 1983, na kipimo cha damu kikaruhusiwa Marekani Machi 1985. Kwa hiyo kwa miaka karibu minne mtu alikuwa akijitazama ngozi kila asubuhi bila njia yoyote ya kujua hali yake.

Halafu kuna jambo ambalo hata leo nalieleza kila nikitoa ushauri nasaha: kati ya kuambukizwa na kuugua hupita miaka mingi, mara nyingi minane hadi kumi. Kuna wanaume wa San Francisco waliotoa damu kuanzia 1978 kwa ajili ya utafiti wa homa ya ini aina ya B. Damu ile ilihifadhiwa, na ilipokuja kupimwa baadaye, virusi vilionekana kwa baadhi yao tangu mwaka ule wa 1978. Campbell anabandika picha zake, ugonjwa umeshatembea mtaani kimyakimya miaka mitatu. Utafiti uliochukua wanaume wa vitongoji vile bila kuchagua, mwaka 1984, ulikuta karibu nusu ya wapenzi wa jinsia moja wameshaambukizwa. Karibu nusu, wakuu. Wengi wao walikuwa wazima wa kutembea, hawana hata kikohozi.

Kuacha walijaribu, na ugomvi ulikuwa mkali. Kulikuwa na nyumba za kuogea ambako wanaume walikutana kwa ngono. Oktoba 1984 mkurugenzi wa afya wa mji, Mervyn Silverman, aliagiza 14 kati ya nyumba hizo na maeneo ya aina hiyo zifungwe. Wapo waliosema amechelewa, wapo waliosema leo wanafunga hizi, kesho watafunga baa, keshokutwa watatufunga sisi. Mahakama ikaingilia, na mwisho wa mwaka Silverman akajiuzulu. Mimi kwa upande wangu naona wote waliogombana pale walikuwa wanaogopa kitu cha kweli.

Sasa nifike ninapopapenda, wodini.

Hospitali ya umma ya mji, San Francisco General, ilifungua kliniki ya wagonjwa wa nje Januari 1983. Iliitwa Ward 86, ikiongozwa na madaktari vijana kama Paul Volberding, Constance Wofsy na Donald Abrams. Julai mwaka huohuo ikafunguliwa wodi ya kulaza, 5B, vitanda 12. Aliyeipanga ni muuguzi, Cliff Morrison, na wauguzi wote waliokwenda pale walijitolea wenyewe kupangiwa wodi ile.

Kumbukeni hali ilivyokuwa kwingine. Hospitali nyingi za Marekani sahani ya chakula iliachwa mlangoni, mgonjwa ajikokote mwenyewe. Watu waliingia chumbani wamejifunika kichwa mpaka miguu kwa kazi ya kupima joto tu. 5B walisema hapana. Glovu zilivaliwa palipo na damu. Kumshika mgonjwa mkono, kumpapasa mgongo, kukaa kwenye ukingo wa kitanda chake, hayo yalifanywa kwa mikono mitupu. Muda wa kuona wagonjwa haukufungwa. Na lile lililonigusa kuliko yote: mgonjwa ndiye aliyetaja nani ndugu yake. Akisema huyu mwenzangu ndiye ndugu yangu wa kwanza, basi huyo ndiye anayeelezwa hali na kuulizwa maamuzi, hata kama mzazi wa damu yuko hai na hakubali.

Wapo wafanyakazi wa hospitali hiyohiyo waliopinga, walitaka barakoa na glovu muda wote. Wauguzi wa 5B wakashikilia msimamo, na sayansi ikaja kuwathibitisha. Jumapili alikuwa akija mwanamama mmoja, Rita Rockett, na vyakula, na akiwachezea wagonjwa dansi. Ukisikia watu wanasema tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, wengine hufikiri ni morfini peke yake. Pale ilikuwa na mlo wa Jumapili na muziki ndani yake.

#4 Mchangiaji

Samahani mleta uzi, lakini mimi naona unapamba. Hao walivuna walichopanda. Kanisa lingesema nini hapo?

#5 Mleta uzi

Sijakasirika, ndugu yangu. Umeuliza Kanisa, ngoja nikueleze la palepale mtaani.

Kuna parokia ya Kikatoliki, Most Holy Redeemer, iko mtaa wa Diamond, hatua chache kutoka Castro. Waumini waliobaki baada ya familia kuhama walikuwa wengi ni bibi wazee wa asili ya Ireland. Mtaa ulibadilika ukiwaona, na si wote walifurahi. Kisha vijana wakaanza kufa. Bibi hawa walikuwa wakiishi nyumba moja na vijana hao, wao ghorofa ya chini, kijana ghorofa ya juu. Wakamwona kijana aliyekuwa akiwabebea mizigo ya sokoni ameanza kushika ukuta akipanda ngazi.

Paroko wakati huo alikuwa Padre Anthony McGuire. Mwaka 1985 parokia ikaanzisha kikundi cha kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Wazee na vijana wakapangiana zamu: kufua, kupeleka mtu kliniki, kukesha naye. Lilikuwepo jengo la konventi lililoachwa na masista, na 1987 likageuzwa kuwa nyumba ya kuwatunza watu katika siku zao za mwisho, Coming Home Hospice. Ni kati ya nyumba za kwanza kabisa Marekani zilizofunguliwa kwa wagonjwa wa UKIMWI. Mafundisho ya Kanisa hayakubadilika hata mstari mmoja, na wale bibi hawakuacha rozari zao. Walipika supu wakapanda nayo ghorofani. Kuhusu nani alivuna nini, mimi nikiwa kazini sijawahi kuona mahali pa kuliandika hilo kwenye faili la mgonjwa.

#6 Mchangiaji

Nimekuelewa sana hapo kwa wale bibi. Chakula nani alikuwa anatoa? Maana mgonjwa wa aina hii asipokula, dawa haisaidii kitu.

#7 Mleta uzi

Yupo bibi mwingine, Ruth Brinker. Alikuwa amestaafu, ana wajukuu. Rafiki yake aliugua, marafiki wakapanga zamu ya kumpelekea chakula. Zamu ikavurugika, mtu huyu akidhani yule amepeleka, na mgonjwa akafa amedhoofika kwa njaa. Brinker hakuweza kulivumilia. Mwaka 1985 akaanza kupikia wagonjwa saba, akiwapelekea nyumbani mwenyewe. Ndiyo mwanzo wa Project Open Hand, ambayo mpaka leo inapika.

Shanti Project nayo ilikuwepo tangu 1974 kwa ajili ya watu wenye magonjwa yasiyopona. UKIMWI ulipokuja ikageukia huko kwa nguvu zote. Ilifundisha watu wa kujitolea kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, kumfanyia usafi, kumtafutia pa kulala akifukuzwa na mwenye nyumba. Mwaka 1982 mwanaharakati Cleve Jones, daktari Marcus Conant na wenzao walianzisha taasisi iliyokuja kuitwa San Francisco AIDS Foundation, na simu ya kutoa ushauri ikalia palepale mtaa wa Castro. Wanawake wapenzi wa jinsia moja walifanya sehemu kubwa sana ya kazi hizi. Wao wenyewe hatari yao ya kuambukizwa ilikuwa ndogo, na kabla ya hapo wengi wao na wanaume wale hata kusalimiana ilikuwa kwa nadra. Historia inawataja kidogo mno.

Hata bangi imo. Mary Jane Rathbun, mama mtu mzima aliyejitolea Ward 86, alikuwa akioka keki zilizotiwa bangi na kuwagawia wagonjwa waliokuwa wakitapika na kushindwa kula. Polisi walimkamata zaidi ya mara moja. Wagonjwa aliwaita wanawe. Kura ya California iliyoruhusu bangi kama tiba, Novemba 1996, ilizaliwa kwenye mtaa huu na kwa wagonjwa hawa.

Serikali kuu je? Rais Reagan hotuba yake kubwa ya kwanza juu ya UKIMWI aliitoa tarehe 31 Mei 1987. Marekani ilikuwa imeshazika zaidi ya watu 20,000.

#8 Mchangiaji

Na mazishi? Kwetu mtu akifa ukoo unashuka. Hawa walizikwa na nani?

#9 Mleta uzi

Mkuu, umenigusa penyewe. Mara nyingi ukoo ulishuka pia, ila mwishoni. Wazazi ambao hawakuonekana miaka kumi wanatua uwanja wa ndege, wanachukua maiti, wanachukua samani. Yule aliyemlisha na kumwosha mgonjwa miezi yote anaambiwa ahame, kwa kuwa sheria haikumtambua. Tangazo la kifo huko kijijini linaandikwa saratani. Jina la mwenzi halimo.

Kwa hiyo mtaa ukatafuta namna yake ya kuomboleza. Gazeti la mtaani, Bay Area Reporter, lilichapisha taazia na picha za marehemu wiki baada ya wiki, kurasa zikijaa nyuso za vijana. Watu walifungua kurasa hizo kwanza, kuona nani wamempoteza.

Na tarehe 27 Novemba 1985, kwenye maandamano ya mishumaa ya kumkumbuka Milk na Moscone, Cleve Jones aliwaomba watu waandike kwenye mabango majina ya waliowapoteza kwa UKIMWI. Mji ulikuwa umeshapoteza zaidi ya watu 1,000. Wakapanda ngazi wakayabandika kwenye ukuta wa jengo la serikali kuu. Wengine waliandika jina la kwanza peke yake, kwa kuogopea familia. Jones akautazama ukuta ule, akauona kama blanketi la viraka, kama yale ambayo bibi wa Kimarekani hushona kwa mikono. Mwaka 1987 karakana ya kushona ikafunguliwa mtaa wa Market. Kila kiraka futi tatu kwa sita, kipimo cha kaburi. Mama mzazi na mwenzi wa marehemu, waliokuwa hawasemeshani, walijikuta meza moja wakichagua kitambaa. Tarehe 11 Oktoba 1987 viraka 1,920 vilitandazwa Washington mbele ya Bunge. Leo viko takriban 50,000.

Msije mkadhani walikuwa wanalia tu. Tarehe 6 Oktoba 1989, baada ya maandamano ya amani ya ACT UP, kikundi cha wanaharakati wa UKIMWI, polisi kama 200 waliivamia Castro, wakafagia barabara nzima, wakapiga hata watu waliokuwa wametoka kula. Watu walikasirika na wakarudi barabarani kesho yake.

Yupo pia Sylvester, mwimbaji mweusi wa disko, mkazi wa mtaa ule. Juni 1988 alijitokeza kwenye gwaride la wapenzi wa jinsia moja akiwa kwenye kiti cha magurudumu, pamoja na watu wenye UKIMWI. Oktoba hiyo, siku ya tamasha la mtaa, umati uliimba jina lake ili alisikie kutoka kitandani kwake. Alifariki tarehe 16 Desemba 1988, miaka 41, na mapato ya nyimbo zake akaagiza yaende kwa mashirika ya wagonjwa, likiwemo lile la Bibi Brinker la chakula. Namtaja kwa makusudi. Wanaume weusi na Walatino waliugua sana San Francisco, lakini picha nyingi zilizobaki za wakati ule ni za wazungu.

#10 Mchangiaji

Mimi ni wa Kagera. Mama yangu mkubwa aliuguza wadogo zake wanne, wakati huo tunauita Juliana. Nimesoma uzi huu nimenyamaza. Tofauti ni nini kati yao na sisi?

#11 Mleta uzi

Pole sana, ndugu. Na heshima nyingi kwa mama mkubwa.

Mimi naiona hivi. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa 1983, ugonjwa uliingia ndani ya ukoo. Ulichukua baba na mama, ukamwachia bibi watoto. Castro ulichukua rika moja la wanaume, na wengi hawakuwa na watoto. Yatima wa kule ni marafiki. Mtu wa miaka 40 anabaki hana hata mmoja anayemkumbuka alivyokuwa na miaka 25. San Francisco nzima ilipoteza takriban watu 20,000 katika miaka hiyo, na mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa 1992.

Papo mahali tunapokutana, lakini. Juni 1983 Campbell na wagonjwa wenzake walikutana Denver, wakaandika misingi yao: msituite wahanga, na kwenye kila meza inayoamua juu yetu tuwepo. Msimamo huo ukaingia katika Azimio la Paris la 1994 lililosainiwa na nchi 42. Leo kliniki kwetu tunao wateja wanaoishi na VVU wanaofanya kazi ya ushauri kwa wenzao. Wanafanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi mwenye cheti.

#12 Mchangiaji

Mkuu, waliobaki wako wapi sasa?

#13 Mleta uzi

Dawa za mseto zilipatikana 1996. Watu waliokuwa wameshaandika wosia na kuaga wakaanza kunenepa. Tarehe 13 Agosti 1998 Bay Area Reporter likatoka na kichwa cha habari kwamba wiki hiyo hakuna taazia hata moja, mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 17.

Lakini kubaki hai kuna gharama zake. Wengi walikuwa wametumia akiba yote, wengine wameuza hata bima zao za maisha, wakijua hawafiki mwaka kesho. Mara kampuni za kompyuta zikafurika mjini na kodi ikapanda vibaya. Wazee walionusurika wakaanza kuondolewa kwenye nyumba ambamo waliuguza wenzao. Mwaka 2013 baadhi yao waliunda kikundi cha kusaidiana, kwa sababu ya upweke, sonona na ndoto za usiku zisizoisha.

Coming Home ilihudumia watu mtaani kwa miaka mingi. Ward 86 bado inafanya kazi. Mwaka 2013 walianza utaratibu wa kumpa mtu dawa siku ileile anayopewa majibu, bila kumzungusha wiki tatu, na 2017 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa namna hiyo kwa nchi zote. Leo mteja wangu akipimwa saa tatu asubuhi, akawa tayari, kufikia saa sita anaondoka na kopo lake la vidonge.

Maswali yanakaribishwa, nikitoka zamu nitajibu.